Nyumba Iliyokuja Kunikagua

Jana usiku niliota nyumba imekuja kunikagua.

Ilibisha hodi kwa kona ya baraza lake. Mama akafungua mlango, akaiangalia kuanzia msingi hadi bati, akasema, "Karibu mgeni, pita ndani," kama vile nyumba huja kwetu kila Jumamosi. Nyumba ikashusha paa, ikapita kiubavubavu, ikakaa kwenye kochi letu la watu watatu. Kochi halikulia hata kidogo. Hapo nikajua naota, lakini sikusema, maana si adabu kumwambia mgeni kwamba hayupo.

Niliitambua. Ilikuwa ile nyumba inayouzwa kule Mkundi, vyumba viwili na sebule, bati la kijani, ambayo nimeshaipita mara nyingi nikijifanya nimepotea njia.

"Shikamoo mama," nyumba ikasema.

"Marahaba. Hawajambo huko kwenu?"

"Huko kwetu hakuna mtu," nyumba ikajibu. "Ndiyo maana nimekuja."

Mama akaleta maji. Nyumba ikayanywa kupitia bomba la uani, ikashukuru, kisha ikanigeukia.

"Wewe ndiye Mwanahawa Pazi?"

"Ndiye mimi."

"Simama." Nikasimama. "Geuka." Nikageuka. "Ukilala unakoroma?"

"Sikoromi."

"Anakoroma," akasema mama.

"Na milango, unaifunga polepole au kwa kishindo?"

"Inategemea ametoka kugombana na nani," akasema mama.

"Mama!"

"Nyamaza, mwenzio anauliza."

Nyumba ikajiweka sawa kwenye kochi, kama mtu anayepanga habari mbaya. Kisha ikaeleza. Kuna mzee mmoja wa mjini anaitaka. Ana nyumba nyingi. Akishanunua, anatia kufuli, anaondoka, anasubiri bei ipande.

"Mimi nina madirisha sita," ikasema. "Nataka mtu wa kuchungulia. Lakini nimeshampa yule mzee neno langu. Jogoo akiwika na wewe hujapata mkopo, nakwenda kwake."

Mama akaniangalia. Nilijua anawaza nini. Mwenye nyumba wetu ametuambia tuhame mwisho wa mwezi, kwa sababu kijana wake anaoa na anavitaka vyumba vyetu. Alisema kwa upole sana. Siku ya pili yake akaleta kitanda cha maharusi, akakisimamisha kwenye korido yetu. Tangu hapo tukienda chooni tunapita ubavu ubavu, tukiomba samahani kwa godoro.

"Haya, twende benki," nyumba ikasema.

Mimi sikuinuka. Sebule ndiyo iliyoinuka. Kochi likawa benchi la kusubiria, pazia likawa dirisha la kioo, na kabati la vyombo likawa mlinzi. Likatuuliza kama tuna silaha. Mama akatoa uma mmoja mkobani. Kabati likaupokea, likaufungia tumboni, likatupisha.

Nyuma ya kioo limeketi tofali. Tofali la saruji la inchi sita, limevaa tai ya bluu. Mbele yake kuna kibao: Bwana Tofali, Afisa Mikopo ya Nyumba.

"Mnafuata nini?" akauliza.

"Nyumba," nikasema.

"Hiyo hapo." Akaionyesha nyumba, iliyokuwa imekaa benchi la nyuma imepakata mkoba wa mama.

"Nataka iwe yangu."

"Aaa. Hilo ni jambo jingine. Leta mshahara."

Mshahara wangu ukaingia kwa mlango wa wafanyakazi. Sikuwahi kuuona umesimama. Ni mwembamba, umevaa shati langu la kazini na unanuka wino, kwa kuwa nafanya kazi kwenye duka la uchapaji, nanyoosha maneno ya watu kwenye kadi za harusi. Ulinisalimia kwa kichwa tu, kama jirani anayejua siri zako.

Bwana Tofali akatoa futi kamba na chaki.

"Sheria ni hii. Benki ikishakata, theluthi moja ya mshahara lazima ibaki, na hiyo theluthi lazima iweze kurudi nyumbani kwa miguu yake. Ikianguka njiani, mkopo hakuna."

"Mtakata kuanzia wapi?" mshahara ukauliza.

"Juu."

"Sawa tu," mshahara ukasema. "Huku juu sitaki hata kujua kinachoendelea."

"Kabla ya kukata, chagua riba."

Riba zilikuwa mbili, zimewekwa juu ya rafu. Ile isiyobadilika ilikuwa bibi mmoja asiyepepesa macho, amevaa koti lile lile tangu benki ifunguliwe. Ile inayobadilika ilikuwa msichana mchangamfu. Tulipokuwa tunamtazama alishaondoka kwenye rafu, akawa anapanda nondo za dirisha.

"Huyu akipanda anafika wapi?" nikauliza.

"Hajawahi kuulizwa," akasema Bwana Tofali.

"Na kushuka huwa nashuka!" msichana akapiga kelele kutoka darini.

"Lini?"

"Nikijisikia!"

"Chukua bibi," akasema mama.

Nikamchukua bibi. Hakunishukuru. Hakufanya lolote, na nadhani ndiyo kazi yake.

Bwana Tofali akaupima mshahara wangu, akachora mstari wa chaki chini kabisa ya magoti. Mshahara ukautazama mstari.

"Hapo haitembei," nikasema.

"Haitembei," akakubali. "Kinachouma hapo ni kianzio, yale malipo ya mwanzo. Lakini serikali ya ndoto hii ina mpango. Unaitwa Msaada kwa Mnunuaji wa Mara ya Kwanza."

"Mnunuzi," nikamsahihisha.

Mama akanifinya paja.

"Kwa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza," akarudia Bwana Tofali, na pembe yake moja ikamomonyoka kwa hasira. "Kianzio chote unalipiwa. Chaki inapanda hadi mapajani, theluthi yako inakwenda nyumbani inapiga mluzi. Swali ni moja tu. Umewahi kumiliki nyumba?"

"Sijawahi."

"Hata ndogo?"

"Hata ndogo."

Tukasikia chafya sakafuni.

"Na mimi je?" sauti ikauliza.

Palikuwa na nyumba ya mchanga mbichi, kubwa kidogo kuliko kiatu cha mtoto. Paa lake kipande cha jani la mgomba. Uzio wake njiti za kiberiti. Mlango wake lile tundu linalobaki mguu ukishatolewa. Ilikuwa imetembea kutoka mbali, maana nyuma yake palikuwa na mstari mrefu wa chembe za mchanga, na yenyewe ilikuwa inahema.

"Ulinijenga Matombo, uani kwa bibi yako, karibu na karo la kufulia," ikaniambia. "Ulizika mguu kwenye mchanga, ukanipigapiga juu kwa kiganja, kisha ukautoa mguu taratibu ili nisibomoke. Ukasema, hii nyumba ni yangu, asiingie mtu."

Ni kweli. Kila mtoto wa kwetu anaijua kazi hiyo. Kujenga ni rahisi. Kutoa mguu ndiyo ufundi.

Bwana Tofali akavua miwani ambayo hakuwa ameivaa.

"Una mlango?"

"Ninao."

"Una paa?"

"Ni jani, lakini halivuji sana."

"Una mwenyewe?"

"Yule pale."

"Basi msaada hakuna," akasema Bwana Tofali, akanyanyua chaki.

"Ngoja!" nikasema. "Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Siwema."

Siwema ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, muuguzi wa Kilosa. Tumekua pamoja na hatusemeshani. Kwenye harusi ya kaka yake alisema mbele ya meza nzima kwamba gauni langu anadhani amewahi kuliona, limening'inia dirishani kwenye hoteli fulani.

Nilipotaja tu jina lake, benki ikaisha. Tuko Matombo, uani kwa bibi. Kioo cha benki kimesimama peke yake kando ya karo, Bwana Tofali nyuma yake, tai imemkaa vilevile. Nyumba ya Mkundi imekaa juu ya kinu. Na kutoka jikoni anatoka Siwema, sare nyeupe, amemshika mkono mshahara wake kama anayempeleka mtoto shule.

"Nani ananitaja?" akauliza. Akaniona. "Aa. Wewe. Leo umevaa pazia gani?"

"Shikamoo shangazi, nayo ingetosha," akasema mama.

"Shikamoo shangazi." Kisha akamgeukia Bwana Tofali. "Na mimi nimekuja kuomba huo msaada. Nimehamishiwa Morogoro mjini, sina pa kukaa."

"Umewahi kumiliki nyumba?"

"Sijawahi."

Nyumba ya mchanga ikapiga chafya tena.

Hapa lazima nieleze jambo. Katika mchezo wa kitoto wa kujipikilisha, nyumba ni ya yule anayekuwa mama. Wengine ni watoto au wageni. Mimi na Siwema tulikipigania hicho cheo kila likizo, tukavutana nywele, tukang'atana, mpaka bibi akawa anamfungia mmoja jikoni na mwingine anamwacha nje.

"Mama ulikuwa wewe," nikamwambia Siwema.

"Mimi? Thubutu! Mama ulikuwa wewe. Wewe ndiye uliyekuwa na kopo la kupikia."

"Kopo lilikuwa lako."

"Nilikuazima! Mimi nilikuwa mtoto tu. Nililazwa pale, nikaambiwa nilie, nikalia."

"Mtoto wapi, na ulivyokuwa mrefu! Mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Nilifika, nikala wali wa mchanga, nikaaga, nikaondoka zangu."

"Hukuondoka! Ulikula ukaomba na wa kufunga!"

"Yako!"

"Yako wewe!"

"Ningejua mtafika hapa," akasema mama, "zile fimbo nilizowachapia ningejiwekea kuni."

Chembe moja ikateleza kutoka ukutani kwa nyumba ya mchanga, ikafuata nyingine, na nyingine. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hivyo ndivyo inavyolia.

Nyumba ya Mkundi ikashuka kutoka kwenye kinu. Ikamrudishia mama mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama, nashukuru kwa maji. Nakwenda kwa yule mzee wa kufuli."

"Jogoo hajawika!" nikasema.

"Simhitaji jogoo. Nilikuja kukagua na nimekagua. Huyu mdogo amewangoja kwenye masika yote hayo, leo mnarushiana kama sahani yenye ufa. Siku mkiona nyumba yenye bati jekundu na ghorofa, mtasema mimi nilikuwa ya nani?"

Ikageuka. Sikuwahi kuona nyumba ikinipa mgongo. Huko nyuma ina mlango mmoja, na ulikuwa umefungwa.

Nikaona korido yetu. Nikaona mama amesimama na ndoo, analiomba samahani godoro la watu.

"Ni yangu," nikasema. "Nyumba ya mchanga ni yangu. Mama nilikuwa mimi."

Nyumba ya Mkundi ikasimama. Lakini aliyejibu ni Siwema.

"Nini? Mama kwa lipi? Nyumba hiyo nimeijenga mimi, kwa mguu wangu huu!"

"Mguu wako ulikuwa unabomoa!"

"Na wako ulikuwa na ukurutu!"

"Nilikuwa mama kila siku!"

"Ulikuwa mama siku nilizokuwa naumwa!"

"Kimya!" akasema Bwana Tofali, na kioo kikatetemeka. "Dakika iliyopita haikuwa na mwenyewe. Sasa ina wenyewe wawili. Aitwe mthamini."

Mthamini wa benki ni mvua. Ilishuka kutoka milima ya Uluguru na mkoba wake wa ngozi, ikasalimia, ikaomba radhi kwa kulowesha watu. Namna yake ya kufanya kazi ni nyepesi. Inainyeshea nyumba, kisha inaandika kilichobaki.

"Ikibomoka," akasema Bwana Tofali, "basi haikuwa nyumba, ulikuwa mchanga. Nyote ni wanunuzi wa mara ya kwanza, msaada mnapata. Ikisimama, ni nyumba, na msaada hampati." Akatusogelea. Akashusha sauti, na kwa tofali alisema kwa huruma kabisa. "Hamtakiwi kufanya lolote. Simameni tu."

Mvua inaanza.

Tone la kwanza linang'oa njiti za uzio. La pili linachukua jani la paa. Mimi nasimama tu. Siwema anasimama tu. Anatazama karo, mimi natazama kinu. Ukuta wa kushoto unalainika, unaanza kuinama kama mtu anayesinzia msibani.

"Mwanahawa," nyumba ya mchanga inasema. "Siwema. Msihangaike. Mimi ni mchanga tu, nilijua."

Isingesema hivyo ningevumilia.

Navua kiatu. Naingiza mguu wa kulia kwenye ule mlango mdogo. Hauenei, vidole tu ndivyo vinavyoingia, unyayo unabaki nje kama mgeni aliyekosa kiti. Huko ndani vidole vyangu vinagusana na vidole vingine vya baridi. Siwema ameingiza wa kushoto kutoka upande wa pili.

"Usisukume," ananiambia.

"Wewe ndiye unayesukuma."

"Piga mchanga juu, si huko! Juu!"

"Nafahamu kujenga, nilikuwa mama."

"Nyamaza ujenge."

Tunapigapiga kwa viganja. Mvua inanyesha kwa uaminifu wote, haipendelei mtu, inatuthamini na sisi humo humo, nywele zangu zinashuka thamani mbele ya macho yangu. Tumesimama kila mtu kwa mguu mmoja, tumeshikana mabega tusianguke. Siwema ananuka dawa ya hospitali na mafuta ya nazi, vilevile.

Kisha mvua inafunga mkoba.

"Imesimama," inasema.

"Thamani yake?" anauliza Bwana Tofali.

"Siwezi kuandika. Nyumba ambayo wenyewe hawakukimbia nikiwa kazini, sijapata kuikuta." Ikaaga, ikapanda milimani.

Bwana Tofali akajifuta maji usoni. Naye alikuwa amelowa, na tofali likilowa huwa na sura ya kufikiri.

"Basi ni nyumba," akasema. "Na nyinyi ni wamiliki. Msaada hakuna."

Akachora chaki chini ya magoti ya mshahara wangu, na chini ya magoti ya mshahara wa Siwema. Yote miwili ikaanguka chali uani. Ikabaki imelala, inatazamana.

"Wewe wa nani?" mshahara wangu ukauliza.

"Wa yule mwenye mdomo."

"Wangu naye ana mdomo."

Nyumba ya Mkundi ilikuwa imefika getini. Imeweka mkono kwenye komeo. Sikujua kama ina mkono mpaka ulipokuwa pale.

"Bwana Tofali," akasema mama, akikamua pindo la kanga yake. "Hawa wakikatwa wote wawili kwa nyumba moja, chaki yako itafika wapi?"

Bwana Tofali akashika futi kamba, akapima huku, akapima kule, akafuta mstari kwa kiwiko, akachora upya.

"Inapanda juu ya goti," akasema. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kuchechemea."

Mishahara ikainuka. Wangu ukaanguka tena. Wa Siwema ukaushika bega, kama sisi tulivyoshikana, na ikaanza kwenda. Ilipita karo. Ilipita kinu. Ilisimama katikati ya uwanja ikapumzika, ikalaumiana kidogo, ikaendelea. Ilipofika kizingiti cha nyumba ya bibi, mmoja ukasema hodi na mwingine ukajibu karibu.

"Imeegemeana," akasema Bwana Tofali.

"Inakatazwa?" mama akauliza.

Akafikiri mpaka saruji ikamtoka jasho. "Sheria inasema irudi kwa miguu yake. Haisemi isiegemee." Akavua tai, akaikunja vizuri. "Mkopo umepita."

Nyumba ya Mkundi ikageuka getini.

"Mtakaa wote watatu?" ikauliza. "Vyumba ni viwili."

"Mimi nalala na shangazi," akasema Siwema upesi. "Huyu anakoroma."

"Nimeshaambiwa," nyumba ikasema. Ikarudi, ikakaa kwenye matope katikati yetu, ikafungua mlango wa nyuma upepo uingie.

Jogoo akawika, amechelewa kama mtu wa ofisini, nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Nje udongo mkavu, vumbi lile lile la juzi, hakuna hata jani lililolowa. Mama akasukuma mlango wangu kwa kiwiko, simu mkononi, amefunika pa kuongelea kwa kiganja.

"Siwema huyu," akasema. "Salamu hataki. Anauliza wewe ulikuwa mguu gani."

Nikafunua shuka. Mguu wa kushoto mkavu, wa kawaida, wa kwangu. Wa kulia vidole vyote vimekunjamana, vyeupe, kama vya mtu aliyeshinda mtoni akifua.

Mama akautazama mguu.

"Mwambie kulia," nikasema.

Mama akaiambia simu, kulia. Akasikiliza muda mrefu, akitikisa kichwa.

"Anasema wake kushoto, na anapanda basi sasa hivi, mkutane mlangoni pa benki," akasema. "Anasema pia hata iweje, mama alikuwa yeye."